Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Fedha na wa Afya: mama akifia leba, nani anaulizwa?

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha na Waheshimiwa Mawaziri wa Afya wa nchi zinazoendelea,

Nakala: Waheshimiwa Wabunge wa kamati za bajeti, wafadhili wa sekta ya afya.

YAH: VIFO VYA AKINA MAMA KATIKA UZAZI NA WANAOPASWA KUVIJIBIA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi leba kwa miaka 27 na sasa nimestaafu. Kabla ya barua hii niliandika nyingine tatu, kwa kufuata utaratibu, kupitia kwa mkuu wangu wa kazi. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba imepokelewa. Ya pili sikujibiwa. Ya tatu ilinirudia ikiwa barua ya onyo: natoa siri za kazi. Siri zenyewe zilikuwa hizi: friji ya dawa ni mbovu, benki ya damu haina damu, na usiku tuko wakunga wawili kwa akina mama ishirini. Sitataja kituo, maana wakunga wenzangu wa nchi nyingine wakisoma maneno haya watadhani nimeandika kuhusu kituo chao.

Nina daftari. Tangu mwaka wangu wa pili kazini nimeandika humo kila mama aliyefariki katika zamu yangu. Sikuandika majina. Niliandika saa, mimba ilikuwa ya ngapi, ameacha watoto wangapi, kisha nikachora safu mbili. Safu ya kwanza: kilichomuua. Safu ya pili: kilichokosekana. Fomu niliyokuwa nikiijaza kazini ilikuwa na ile ya kwanza tu. Unaulizwa chanzo cha kifo, unaandika "kutoka damu nyingi baada ya kujifungua", inapigwa muhuri, inaingia kwenye faili. Hakuna mahali pa kuandika kwamba chupa ya damu haikuwepo. Safu ya kwanza ni kazi yangu na ya madaktari, na tumeisomea. Barua hii inahusu safu ya pili, kwa sababu hiyo ni yenu.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 walifariki wanawake wapatao 260,000 kwa sababu za ujauzito na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku. Saba katika kila kumi walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Msichana wa nchi maskini ana uwezekano wa mmoja kati ya 66 wa kufa kwa uzazi katika maisha yake. Mwenzake wa nchi tajiri, mmoja kati ya 7,933. Mji wa mimba ni uleule, na kondo la nyuma hugoma kutoka kwa namna ileile. Kinachotofautiana ni kile kilichopo chumbani saa hiyo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kinachoua kinajulikana, na dawa yake inajulikana.

Kutoka damu nyingi, presha ya ujauzito na kifafa cha mimba, uambukizo baada ya kujifungua, uchungu pingamizi (mtoto kushindwa kupita), utoaji mimba usio salama. Hayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya vifo hivi, na hakuna hata moja linalosubiri mgunduzi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa kimataifa ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kifafa kwa mama ambaye presha yake imepanda. Mwaka 2017 ikathibitika kwamba dawa ya traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa tatu, huokoa karibu theluthi moja ya wale ambao wangekufa kwa kutoka damu. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili damu inayotoka ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na ikifika kiwango cha hatari wahudumu walifanya mambo yote kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, sindano, dripu, uchunguzi. Matokeo mabaya kabisa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60.

Huo ni mfuko wa plastiki, waheshimiwa. Nilikisia damu kwa macho miaka 27, nikitazama shuka na sakafu, na sasa najua kwamba mara nyingi nilikisia pungufu.

Chukueni oksitosini, sindano tunayochoma mtoto akishatoka ili mji wa mimba ukaze. Inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika mara kwa mara kwa miezi na jenereta ikawa haina mafuta, dawa hupoteza nguvu, na mkunga huishia kuchoma maji yenye jina la dawa. Anasubiri mji wa mimba ukaze, haukazi. Daftari langu lina mara nne maneno haya: "sindano ilichomwa, haikufanya kazi." Ipo kabetosini, dawa ya kazi hiyohiyo isiyoharibika kwa joto, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kuikubali. Sikuwahi kuiona kwenye kabati letu. Na mafuta ya jenereta nilikuja kuelezwa na mhasibu mmoja muungwana kwamba yako chini ya kasma, yaani fungu la bajeti, ya matumizi mengineyo, ambayo ndiyo ya kwanza kukatwa makusanyo yakipungua. Basi uhai wa yule mama ulikuwa kwenye matumizi mengineyo.

2. Mmeahidi mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuulizwa.

Februari 1987 dunia ilikutana Nairobi, kwa mwito wa Benki ya Dunia, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, ikaazimia kupunguza vifo hivi kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Septemba ya mwaka huohuo mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako wakakubaliana kwamba wagonjwa wachangie gharama za dawa. Waliokaa Bamako walikuwa na shida ya kweli ya fedha, sikatai. Lakini mwaka mmoja ulibeba maamuzi mawili yanayopingana, na lililotekelezwa haraka ni lile la kumtoza mama.

Mwaka 2000 ulifika bila nusu ile. Likaja lengo la Milenia la Umoja wa Mataifa, kupunguza kwa robo tatu kati ya 1990 na 2015. Tuliishia chini ya nusu. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda kwenye afya, na nchi zilizowahi kuifikia, hata kwa mwaka mmoja, ni chache mno. Sasa lengo ni vifo chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo 2030. Mwaka 2023 dunia ilikuwa kwenye 197.

Kila tarehe inapokaribia, inawekwa nyingine mbele yake, na aliyetia saini ile ya kwanza ameshastaafu.

3. Mama anayekufa kwa uzazi hana nguvu ya kisiasa, nanyi mnalijua hilo.

Jengo jipya la wodi ya wazazi lina jiwe la msingi, lina jina la aliyelizindua, lina picha. Mkunga wa tatu wa zamu ya usiku hana jiwe. Friji inayofanya kazi haikatiwi utepe. Mama aliyechomwa magnesiamu salfeti kwa wakati hujifungua, hubeba mtoto wake, hurudi nyumbani, na hatajua kamwe kwamba aliponea tundu la sindano. Hatakuja kumshukuru waziri aliyehakikisha dawa ile ipo. Na yule aliyekufa hapigi kura. Mumewe anatafuta maziwa ya mtoto, hana siku ya kuandamana.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu nikilinganisha na UKIMWI. Watu wanaoishi na VVU walikuwa hai, waliungana, walipiga kelele. Afrika Kusini wanaharakati waliishtaki serikali yao ili akina mama wajawazito wapate dawa ya kuwakinga watoto, na mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikawapa ushindi. Wanaouawa na uzazi hawawezi kuunda chama. Shida yao huanza na kwisha ndani ya saa chache, mara nyingi usiku.

Hata takwimu zenyewe zinawalinda wenye madaraka. Palipo na usajili mbovu wa vifo, wanawake huulizwa katika utafiti wa kaya kuhusu dada zao waliofariki miaka kadhaa nyuma, wataalamu wakokotoe, kisha namba itoke ikiwa na upana wa makosa mkubwa. Inapochapishwa, waziri aliyekuwepo ameshahamishiwa wizara nyingine. Bei ya mafuta hupanda leo na kesho waziri anaitwa bungeni. Kwa vifo hivi sijawahi kusikia aliyeitwa.

4. Anayeulizwa ni mkunga wa zamu peke yake.

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mama mmoja, mimba ya tatu, alijifungua salama saa saba usiku. Saa saba na nusu damu ilianza kutoka kwa kasi. Tulisugua, tulichoma sindano, tulimtundikia dripu ya mwisho iliyokuwepo. Damu ya kumwongezea haikuwepo. Gari la wagonjwa lilikuwa limepelekwa mjini tangu mchana na kiongozi aliyekuwa na kikao. Tulipata gari la mtu binafsi saa tisa kasoro. Alifia njiani nikiwa nimemshika, akiniuliza kama mtoto amelia.

Keshokutwa yake niliitwa kwenye kikao cha kujadili kifo. Swali la kwanza: "Sista, kwa nini hukutoa rufaa mapema?" La pili: "Kwa nini karatasi ya kufuatilia uchungu haikujazwa kila nusu saa?" Nilikuwa na akina mama wengine kumi na saba usiku ule na mwenzangu mmoja. Nilipotaja gari, niliambiwa tusitoke nje ya mada. Niliandika maelezo, nikatia saini, nikapewa onyo langu. Aliyechukua gari hakuandika maelezo. Aliyeidhinisha mgao wa damu hakuandika. Aliyepunguza fedha za mafuta hakujua hata kwamba kuna mtu amekufa.

Matokeo yake ni kwamba wakunga wamejifunza kujilinda. Wapo wanaorekebisha saa kwenye faili. Wapo wanaoharakisha rufaa ili mama akafie kwingine na kifo kihesabiwe huko. Siwatetei, lakini nawaelewa, na kila faili lililorekebishwa hivyo limekwisha kunyamaza. Hakuna cha kujifunza humo tena.

Njia nyingine ipo na ni ya zamani. Uingereza imekuwa ikichunguza vifo vya uzazi kwa siri, bila kutafuta wa kumfunga, tangu mwaka 1952. Malaysia ilianza mwaka 1991, Afrika Kusini miaka ya mwisho ya 1990. Wachunguzi hawaulizi nani wa kulaumiwa, wanauliza nini kilikosekana na nani ana uwezo wa kukileta. Hiyo ndiyo safu yangu ya pili.

Na mahakama zimeanza kuiona. Nchini Uganda mwaka 2011 wanaharakati walifungua kesi kufuatia vifo vya akina mama wawili waliofia hospitali za umma. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba iliitupa, ikisema hilo ni suala la kisiasa, waachiwe serikali na bunge. Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2015. Agosti 2020 ikaamuliwa kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba, na serikali ikaamriwa itenge fedha za kutosha na kuwafidia wafiwa. Miaka tisa ilipita ili ikubalike kwamba kuna mtu wa kuulizwa aliye juu ya mkunga.

5. Huduma ya bure isiyowekewa fedha.

Burundi iliondoa malipo ya kujifungua mwaka 2006, Sierra Leone mwaka 2010, na akina mama walimiminika vituoni. Nawapongeza walioamua. Ila huduma ikitangazwa bure redioni bila kuongezewa dawa wala watu, mama anafika na kuambiwa aje na glavu zake, pamba yake, wembe na uzi wa kufungia kitovu. Mkunga ndiye anayesimama mlangoni kumwambia, na ndiye anayetukanwa kwa haki kabisa na ndugu wa mgonjwa.

6. Jambo ambalo wengi mnaogopa kulitamka.

Wanawake wanakufa kwa utoaji mimba usio salama, na nimewapokea. Najua suala hili linawagawa waumini na wanasiasa, na mimi mwenyewe ni mtu wa dini. Lakini someni kilichotokea Romania. Mwaka 1966 serikali ya Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba, na baadaye ikabana njia za uzazi wa mpango. Kufikia 1989 vifo vya uzazi vilikuwa juu kupita sehemu kubwa ya Ulaya, vingi vikitokana na mimba zilizotolewa kwa kificho. Marufuku ilipoondolewa, vilishuka karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Madaktari walikuwa walewale. Kilichobadilika ni sheria. Angalau dawa za uzazi wa mpango zisikosekane, na binti anayefika akivuja damu asihojiwe na polisi kabla hajahudumiwa.

Najua pia mtakavyonijibu, maana majibu haya nimeyasikia kwenye semina nyingi.

Mtasema hakuna fedha. Sri Lanka mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa ikipoteza zaidi ya akina mama 1,000 kwa kila vizazi 100,000. Katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imeshuka hadi karibu 100, ikiwa bado nchi maskini. Ilisambaza wakunga waliofunzwa hadi vijijini, ikatibu bila malipo, ikafuatilia kila kifo. Haikusubiri kutajirika. Na kama fedha zilizokuwepo zilikuwa za wafadhili, mwaka 2025 umewafundisha kwa uchungu: Marekani ilipokata misaada, dawa na mishahara ya watumishi ilikatika ndani ya wiki chache. Namlaumu aliyekata ghafla namna ile. Nawauliza pia nyinyi: sindano ya kumwokoa mama wa nchi yenu ilikuwa inafanya nini kwenye bajeti ya nchi nyingine?

Mtasema akina mama wanachelewa wenyewe. Wapo wanaochelewa nyumbani, na wapo wanaochelewa njiani kwa kukosa usafiri. Ila aina ya tatu ya kuchelewa ni mama aliyekwisha kufika, amelala kitandani petu, anasubiri. Daftari langu limejaa hao.

Mtasema takwimu zinashuka. Ni kweli: kati ya 2000 na 2023 uwiano wa vifo duniani ulipungua kwa asilimia 40, na nilishuhudia baadhi ya mabadiliko hayo kwa macho yangu. Yanathibitisha kwamba pale mtu alipoamua, iliwezekana.

Na wengine hamtasema kitu, mtakuja msibani na kutuambia kazi ya Mungu haina makosa. Nimeyasema maneno hayo mwenyewe kwa wafiwa, kwa kuwa sikuwa na mengine ya kuwapa. Naiamini kazi ya Mungu. Lakini Mungu hakukata kasma ya mafuta ya jenereta. Msimsingizie.

Naomba, tena nadai, mambo manne.

Kwanza, fomu ya kifo cha mzazi iongezwe safu ya pili, na kila kifo kichunguzwe chini ya sheria inayokataza maelezo ya mhudumu kutumika kumwadhibu. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji karani na mpiga chapa.

Pili, oksitosini au kabetosini, magnesiamu salfeti, traneksamiki, damu salama, mafuta ya jenereta na gari la rufaa viwe na kasma yao ambayo hairuhusiwi kukatwa katikati ya mwaka. Gari la wagonjwa lisibebe kiongozi, kwa kikao chochote kile.

Tatu, ajirini wakunga. Mwaka 2021 dunia ilikadiriwa kupungukiwa na wakunga 900,000, huku katika baadhi ya nchi zenu wahitimu wakikaa nyumbani na vyeti kwa sababu vibali vya ajira havijatoka Wizara ya Fedha.

Nne, na hili naliweka mezani kwa Mawaziri wa Fedha peke yao. Kila mwaka, kabla ya kusoma makadirio ya mapato na matumizi, someni bungeni idadi ya akina mama waliofariki katika uzazi mwaka uliopita, na orodha ya vilivyokosekana, wilaya kwa wilaya. Someni nyinyi, msimwachie Waziri wa Afya. Yeye akija kwenu na maombi ya fedha hurudishwa, nami nimekaa kwenye vikao akieleza kwa nini amerudishwa.

Daftari langu bado ninalo, majina hayamo, wafiwa hawatadhurika. Kamati yoyote ya bunge ikilihitaji, nitalileta kwa mkono wangu na nitajibu maswali yote. Nitakachoomba ni kimoja tu, kwamba siku hiyo aliyeidhinisha fedha naye awepo kitini, asomewe safu yake.

Nawasilisha kwa heshima,

Mkunga mstaafu